Lenzi Isiyoota Kuvu

Aliyepiga simu hakutaka kutaja jina lake, lakini Sajini Delma Mosby alimtambua kwa sauti. Alikuwa Colin Prewett, mnunuzi wa kamera za mitumba wa kule Mourilyan, na aliongea kama mtu aliyeporwa kitu chake.

"Mwulizeni Merv Kettle kaipata wapi ile lenzi kubwa," alisema. "Anatamba nayo mji mzima. Eti kaiokota duka la mitumba la kanisa kwa dola arobaini. Arobaini! Duka lile mimi napita kila wiki, Sajini, na sijawahi kuokota hata kifuniko."

"Kwa hiyo unadhani ni ya wizi?"

"Mimi sidhani kitu. Nasema tu." Akakata simu.

Delma alicheka peke yake. Kituo kizima cha Innisfail kilikuwa kimeitafuta lenzi iliyoibwa ya mpiga picha Narelle Hallam tangu Januari, mvua zilipoanza. Walipekua nyumba na magari, wakapiga simu kwa wauza kamera hadi Brisbane. Sasa Pasaka imepita, na iliyowaletea habari ni gere ya mzee mmoja aliyepitwa na mali ya bei rahisi.

Hata hivyo hakuwa na haki ya kumcheka sana Colin. Kesi hiyo ilikuwa ya Konstebo Brodie Kemp, kijana wa juzi tu, aliyemkamata mtuhumiwa kabla wiki mbili hazijaisha. Inspekta alimsifu mbele ya watu wote, na ile nafasi ya upelelezi ya Cairns, ambayo Delma ameiomba mpaka amechoka, ilikuwa inasemwa kuwa ni ya Brodie. Kila Brodie alipopita na kikombe chake cha kahawa, Delma aliinamia makaratasi yake asimtazame. Hakujidanganya. Alipochukua funguo za gari alikuwa anaongozwa na wivu, na alitumaini haki ingemkuta njiani.

*

Duka la Merv Kettle lilikuwa mtaa wa Edith, na mvua ilikuwa inapiga bati kiasi cha watu kusemezana kwa kelele. Merv alikuwa amevaa kaptula na shati la maua. Alipomwona Sajini akasimama mbele ya kabati lake la vioo, mikono imetanuka, kama anayezuia mlango.

"Sema shida yako, bibie."

"Unaijua, Merv. Itoe."

"Nimeinunua kihalali. Wale akina mama wa kanisa waliiweka kwenye sanduku moja na sufuria. Walidhani darubini."

"Na wewe hukuwaambia."

"Nani huwaambia?" Merv alishangaa kwa dhati. "Hiyo ndiyo raha yenyewe!"

Aliitoa. Ilikuwa lenzi nyeupe, ndefu kama mkono kuanzia kiwiko, na pembeni ilikuwa na mkwaruzo uliozibwa kwa utepe wa kijani. Utepe huo ulitajwa katika taarifa ya Narelle. Delma alivaa glavu.

"Uliijua ni ya nani."

Merv alitazama pembeni. "Nilitaka nikae nayo siku mbili tatu. Miaka yote kwenye klabu yetu ya wapiga picha naiona mikononi mwa yule mama. Anapata picha za kasuari, lile ndege kubwa lisiloruka, na vifaranga vyake, zinachapwa kwenye magazeti, mimi napata makalio ya kasuari akikimbia. Mtu huumia roho, Sajini. Basi."

"Utaandika maelezo kituoni. Nionyeshe hali yake kwanza, kama unavyowaonyesha wateja."

Hapo Merv akasahau kuwa yuko matatani. Aliwasha tochi, akafungua tundu la mwanga hadi mwisho, akapitisha mwanga kwa nyuma huku Delma akichungulia kwa mbele. Vioo vyote vilikuwa angavu, havina doa.

"Unaona? Safi. Sasa tazama hizi." Akavuta chini ya meza sanduku la mbao alilokuwa akiliita la maiti, akachomoa lenzi ndogo na kuimulika. Ndani yake kulikuwa na utando mweupe ulioshika kioo kutoka ukingoni hadi katikati. "Kuvu. Huyu jamaa alimwachia mkwewe kamera yake sebuleni masika moja tu. Mji huu, lenzi ikilala nje ya kabati la kukaushia mvua zikiwa zimeanza, Pasaka unaizika. Watalii wanakuja kununua hapa kwa bei ya chipsi, wakifika kwao wanalia."

"Hii kubwa umeisafisha ndani?"

"Ndani? Kuifungua hii ni kazi ya mafundi wa Sydney, na skrubu zake hazijaguswa. Angalia rangi. Mimi nimeifuta nje tu."

"Ulifuta nini?"

"Vumbi. La kijivu, linakwaruza. Lingine limebaki hapo kwenye mpira wa kuzungushia."

Delma alibandika utepe wa gundi kwenye mifereji ya mpira ule, akaubandua. Ulitoka na unga wa kijivu wenye chembechembe ndogo ngumu. Haukuwa mchanga wa pwani, wala majivu, wala udongo mwekundu wa mashamba ya miwa. Aliuona kama kitu alichowahi kukifagia, asikumbuke wapi. Kisha akaisimamisha lenzi juu ya karatasi, kofia yake ya mbele ikiwa chini, akachora duara kuizunguka kwa penseli.

"Duara la nini?" Merv aliuliza.

"La kwangu," alisema Delma.

*

Brodie Kemp alipoiona lenzi mezani alipiga makofi mara moja.

"Duka la kanisa! Sajini, unajua nani anajitolea pale? Mama yake Renzo Zanetti. Mtoto kaona kesi imekaribia, kampa mama yake aitupe. Imekwisha hiyo."

Renzo Zanetti ndiye aliyeshtakiwa. Alikuwa askari wa hifadhi, na alfajiri nyingi alikuwa akimpeleka Narelle msituni kwenye njia za kasuari. Asubuhi ya wizi yeye ndiye aliyebeba lenzi kutoka garini hadi mezani kwa Narelle, akaaga, na Narelle alipotoka kuoga meza ilikuwa tupu. Kwa Brodie hiyo ilitosha.

"Miezi yote hiyo aliificha wapi?" Delma aliuliza.

"Chini ya nyumba yake. Kuna sanduku la bati, nililiona mwenyewe."

"Lilikuwa na lenzi ulipoliona?"

"Atakuwa alikuwa ameihamisha, halafu akairudisha."

Delma alikwenda chumba cha vielelezo akarudi na kamera ya Renzo mwenyewe, ile waliyoichukua kwake. Akampa Brodie tochi. "Chungulia."

Brodie alichungulia, akakunja uso. "Kuna utando."

"Hii ilikuwa inakaa kwenye kabati la nguo chumbani kwake, akiitumia, akiifuta. Imeota kuvu. Ile ya chini ya nyumba, kwenye bati, na mto unapita pale nyuma, ikatoka safi?"

"Labda ilikuwa bahati."

"Mwambie hakimu hivyo Jumatatu. Sema ilikuwa bahati."

Masikio ya Brodie yaligeuka mekundu. Delma alisikia utamu, na utamu wenyewe ulimtia aibu kidogo, lakini hakuutema.

Renzo alikuja mchana huo kusaini daftari la dhamana. Alikuwa kijana mrefu, ngozi imebabuka kwa jua, na bila sare yake alionekana kama amevaa nguo za kuazima.

"Renzo, nyumbani una kabati la kukaushia?"

"Kabati?" Alicheka bila furaha. "Anti Delma, mimi viatu vyangu vinaota manyoya. Mkanda wangu ukiutundika wiki moja unageuka paka."

"Kwa mama yako?"

"Mama anakausha bisikuti kwenye oveni. Mkitaka oveni kachukueni."

"Wewe na Narelle mna nini?"

"Tunapiga picha ndege. Yeye anapiga, mimi nasikiliza ndege yuko wapi. Mumewe anaona vingine. Kuna alfajiri alitufuata mpaka geti la hifadhi, akazima taa, akakaa ndani ya gari mpaka tukatoka. Hakusema kitu. Alitutazama tu." Akachukua kalamu, akasaini. "Jumatatu wakinitia hatiani, kazi imekwisha na nyumba ya kazi imekwisha. Mimi nje ya msitu ule sijui ni nani, Anti. Sijawahi kujua."

"Kwa nini hukutuambia habari za mumewe?"

"Nilimwambia yule kijana wenu. Alisema natafuta wa kumtupia."

*

Nyumba ya akina Hallam ilikuwa ya mbao, imeinuliwa juu ya nguzo, kando ya mto Johnstone. Narelle alimkaribisha Delma kwa chai na keki ya ndizi. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwepesi, na macho yake hayakutulia. Kila ndege aliyelia nje aligeuza kichwa. Alipoambiwa lenzi imepatikana alikaa chini taratibu, akauliza, "Ina kuvu?"

"Hata chembe."

"Basi aliyeichukua anajua lenzi." Alisema kwa haraka, kisha akakunja kipaji cha uso. "Renzo hajui lenzi. Nimewaambia hilo tangu mwanzo."

"Nionyeshe unapoiweka."

Kabati la kukaushia lilikuwa chumba cha pili, la chuma, lenye mlango wa kioo na kipimo cha unyevu kinachowaka. Ufunguo aliuvaa shingoni. Ndani kulikuwa na lenzi nyingine, zimepangwa kwa urefu kama watoto wa shule, na nafasi moja ilikuwa wazi. Delma alipitisha kidole kila rafu. Hapakuwa na vumbi la rangi yoyote.

"Nani mwingine mjini ana kabati kama hili?"

"Watu wa klabu. Merv, Colin, na daktari wa meno. Brodie alikwenda kwao wote wiki ya kwanza, akarudi tena."

"Na mumeo?"

"Des?" Narelle alitabasamu, na tabasamu halikudumu. "Des hata jina la lenzi hajui. Anaiita mume mwenza. Nikiifuta jioni anasema, 'Haya, mkogeshe bwana wako.' Mwanzoni tulikuwa tunacheka."

"Siku hizi?"

"Siku hizi anasema tu."

"Asubuhi ile alikuwa wapi?"

"Bandani, anachomelea. Nilisikia mashine." Alitazama kikombe chake. "Mashine iliwahi kunyamaza, lakini hunyamaza kila anapobadilisha kijiti cha kuchomelea."

Delma aliweka chai chini. Unga wa kijivu ulikuwa umemrudia, na pamoja nao jiko la nyumba yake ya zamani, na mume wake wa zamani akiingia kutoka kazini na kukung'uta mikono juu ya sakafu aliyokwisha kuifagia. Alikuwa fundi wa kuchomelea katika kiwanda cha sukari, sawa na Des Hallam. Delma alifagia unga ule miaka kumi na moja.

"Naomba kuliona banda," alisema.

*

Des Hallam alikuwa amepiga magoti chini ya kitoroli cha mashua. Aliinua kioo cha usoni alipoona viatu vya polisi, akazima mashine, akasimama akijifuta. Alikuwa mtu mnene wa mabega, mpole wa sauti.

"Wameipata ee? Nimesikia mkizungumza hadi huku."

"Imepatikana. Nasikia hata wewe ulikuwa unaisubiri."

"Mimi? Mimi nasubiri Jumatatu tu, dada. Mwizi apate chake."

"Vijiti vyako unaviweka wapi, Des?"

Aliona ameulizwa swali rahisi, akajibu upesi. "Pale." Kwenye kona kulikuwa na friji la kizamani, lililoacha kugandisha miaka mingi. Waya mmoja mwembamba uliingia kwa nyuma. "Vikinywa unyevu havishiki chuma. Nimeweka balbu ndani, inawaka usiku na mchana. Kila fundi hapa anafanya hivyo."

"Najua. Nilikuwa na mume mwenye friji kama hilo. Fungua."

Hapo ndipo mkono wake ulipochelewa. Delma hakumngoja, alivuta mpini mwenyewe. Joto kavu lilimpiga usoni. Balbu ilikuwa inawaka chini kabisa, na vijiti vya kuchomelea vilijaa rafu za juu, vingine vimevunjika ncha na kumwaga unga wao wa kijivu kwenye kila kitu. Rafu ya chini ilikuwa wazi. Unga ulikuwa umetanda juu yake, isipokuwa mahali pamoja, ambapo palibaki duara safi.

Delma alichukua karatasi mfukoni, akaikunjua, akaiweka pale. Duara la penseli lililala juu ya duara la unga.

Des alitazama. Hakukana, na Delma alishukuru, kwa sababu watu wazima wanaokana mbele ya ushahidi humchosha.

"Nilikuwa natoka kunywa maji," alisema. "Nikamwona yule kijana anashuka ngazi zangu, anapiga mluzi. Ndani kwangu, anapiga mluzi! Nikaingia nikaikuta mezani. Nikaona, hii ndiyo inayompeleka alfajiri. Isipokuwepo, atalala. Atalala kitandani kama wake za watu."

"Kwa nini hukuitupa mtoni?"

"Nilifika nayo hadi darajani." Alikaa juu ya tairi la kitoroli. "Nikakumbuka alivyokopa, alivyofanya zamu za usiku hospitali mpaka akaipata. Nikashindwa. Nikasema basi nitaificha, lakini nje itaota kuvu, na ikiota kuvu roho yake itakufa. Hapa ndipo pakavu. Nilikuwa naizungusha hapo hapo iliposimama kila Jumapili, isikae upande mmoja."

Delma alikuwa ameshughulika na wezi wengi katika mji huu wa mvua. Hakuwahi kumwona aliyetunza alichoiba vizuri hivyo. Angekuwa ameiacha ioze tu kwenye sanduku la bati, Brodie angekuwa Cairns na Renzo angekuwa ndani.

"Na duka la kanisa?" aliuliza. "Huko nako ilikuwa ni kuitunza?"

Des alikung'uta unga magotini.

"Mama yake Renzo yuko pale. Ulilijua hilo."

"Nililijua."

"Kwa hiyo usingeishia kwa mtoto. Ungemzoa na mama."

"Nilitaka asirudi msituni na mke wangu!" Sauti ilimpasuka. "Wewe hujakaa kitandani, gari la mwenzako likaja kumchukua mkeo kukiwa bado giza, mkeo akacheka kabla hajafika kwenye geti. Mimi hajanichekea hivyo tangu lini? Kila kitu anakiona, yule. Ndege kwenye giza anamwona. Mimi nimekaa hapa hanioni."

"Ninakuona, Des."

Narelle alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, matone ya mvua yakimchirizika kutoka kwenye nywele. Haikujulikana amefika lini. Hakutazama friji, hakutazama duara. Delma alisogea kando, kwa sababu kuna maswali ambayo polisi akiyauliza hujibiwa uongo.

Des ndiye aliyeuliza. "Niambie basi. Sasa nimeshaharibikiwa, niambie tu ukweli. Wewe na yeye."

"Januari?" Narelle alisema. "Januari hapakuwa na kitu. Alikuwa kijana ananibebea mzigo. Hata siku yake ya kuzaliwa sikuijua."

Mabega ya Des yalishuka. Alifunika uso kwa mikono yake yenye unga, akatoa pumzi ndefu, kama aliyeondolewa jiwe kifuani. "Basi nimekuwa mjinga," alisema. "Nimekuwa mjinga tu, Relle. Nisamehe."

"Sijamaliza." Aliongea polepole, bila hasira, na Delma alitamani angekuwa na hasira. "Walipomkamata nilijua si yeye. Nikaenda kumpa pole. Nikaenda tena. Amesimamishwa kazi, haruhusiwi kuingia msituni, anashinda kwa mama yake anatazama ukuta. Nimekuwa nakwenda kila mchana ukiwa kazini, Des, tangu Februari. Hatuna kamera. Tunakaa tu, tunazungumza." Akaukamata ufunguo shingoni. "Sasa kipo kitu. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

Mvua ilikuwa imepungua. Des aliinuka kutoka kwenye tairi. Alizunguka mahali pamoja akitafuta shati lake, nalo lilikuwa limetundikwa mbele yake pale pale, akashindwa kuliona. Delma alilichukua akampa. Alilivaa, akakosea vifungo, akaacha hivyo hivyo.

"Nipeleke, dada," alimwambia Delma bila kugeuka kumtazama mkewe. "Nipeleke sasa hivi, tafadhali."